Karavani Mbili na Safari ya Sur

Naomba radhi mapema. Mwandiko wangu si mzuri, na maneno mengine nimeyaandika kama ninavyoyasikia. Shule nilisoma Ibra mpaka darasa la sita, na yote ilikuwa kwa Kiarabu. Kiswahili cha kuandika nilifundishwa na bibi yangu, mama yake baba, yeye amelala kitandani na mimi nimekaa chini na sinia la unga, nachora herufi kwa kidole. Ndiyo maana mkono wangu mpaka leo unataka kuanzia kulia. Naandika polepole. Ukurasa mmoja hunichukua kutoka chai ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, kwa hiyo msomaji akiona mstari umepinda ajue sikuwa na moyo wa kuanza tena.

Siku hizi baridi ikikaribia watu wetu huulizana habari za karavani, hizi nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari. Wanazitaka za kwenda kulala mchangani na familia, au Wadi Bani Khalid karibu na maji. Wanabishana kama ni bora kununua hapa hapa au kuvuka mpaka kwenda kwa wauzaji wa Al Ain na Sharja. Wanajua kwamba sisi tuliwahi kununua moja, basi hunigeukia. Mimi huona haya, nasema sijui, nachukua vikombe naingia jikoni. Kwa mdomo siwezi kulieleza jambo hili. Nalieleza kwa kalamu.

Nyumbani kwetu mkono ulitangulia neno. Baba alikuwa na mkono mwepesi, kofi lake hulioni linatoka wapi. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na mkono mzito, wa kushika nyundo kutwa nzima. Na bibi alikuwa na bakora ya mkwaju aliyokuja nayo kutoka Afrika, na hata baada ya kuvunjika nyonga aliweza kukupata mguuni ukipita karibu na kitanda. Hao ndio walionilea na nawapenda. Ila siwezi kuwaeleza bila kueleza walivyopigana.

Baba na bibi ni watu wa Tabora. Mama na mjomba ni watu wa Unguja. Walikutana huku, baada ya kila mtu kurudi kwa njia yake, na mjomba hakumsamehe baba kwa kuzaliwa bara. Alimwita mla michembe. Baba naye alimwita mjomba mtu wa mjini asiyejua hata jembe linashikwa wapi. Kwa kawaida yalikuwa maneno ya kuchekea kahawa, mpaka yalipoacha kuwa ya kuchekea.

Bibi alianguka chooni miaka ya tisini ilipokuwa inakaribia kwisha. Hospitali walimtia chuma nyongani, akapona maumivu lakini hakuweza tena kukunja mguu. Kukaa kwenye kiti cha gari aliweza mpaka mwisho wa mtaa tu, halafu jasho linamtoka na anauma ncha ya mtandio wake asipige kelele. Na bibi alikuwa na dada yake Sur. Walibaki wao wawili tu katika tumbo lao. Huyo dada alikuwa amepofuka, na mwaka ule alituma maneno kwa kila mtu aliyepita Sur akirudi Ibra: mwambieni baridi hii aje, baridi nyingine hatonikuta.

Bibi akawa hasemi jingine. Asubuhi Sur, jioni Sur. Baba akataka kumtandikia godoro nyuma ya pikapu. Bibi akainua bakora.

"Mimi sipelekwi Sur kama mbuzi wa Idi," alisema.

Ndipo likaja neno la karavani. Ndani kuna kitanda, mtu analala amenyooka, mlango unafungwa na heshima yake inabaki.

Mjomba alikuwa nayo moja. Alikuwa na gereji yake pale sanaiya ya Ibra, kwenye mafundi, na aliinunua karavani iliyoachwa na watu wa kutengeneza barabara. Ilikuwa rangi ya kijivu na inanuka lami na vitunguu, na kioo kimoja kilikuwa cha ubao. Lakini mjomba alikuwa ameichomelea upya chini yote. Alisema kwa mama, mama akasema kwa baba: ichukueni, tutapatana.

Baba hakutaka. Mjomba alipokuja kumsikiliza kwa masikio yake, walikaa mkekani, mimi nikawa namimina kahawa. Baba alizunguka kwanza. Alisema amesikia Al Ain kuna mtu anauza nzuri, nyeupe, zina mapazia na jiko, na huyo mtu ni wetu, amekulia Tabora. Mjomba akauliza kwa nini avuke mpaka kutafuta kitu kilichopo kilomita mbili kutoka mlangoni pake. Pesa ya shemeji inanuka au karavani ya shemeji inanuka? Baba akacheka, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu alitaka kumchekesha na yeye.

"Ukinunua kwa shemeji," alisema, "kitu kikiharibika hurudishi kitu. Unarudisha mke."

Mama alikuwa mlangoni na sahani ya halua. Akasimama pale pale.

Mjomba aliweka kikombe chini taratibu, akamshika baba kola ya kanzu na kumvuta juu ya mkeka. Sahani ya tende ikaruka. Baba alimpiga kofi, mjomba hakulisikia, akamkandamiza shingo kwenye ukuta mpaka chokaa ikawa inamwagika mabegani mwake. Baba alipapasa chini akaupata mdila wa kahawa, ule wa shaba wenye mdomo mrefu, akampiga nao usoni. Kahawa ya moto ilituruka sote. Mjomba aliachia, akatema mkononi, na tukaona mdomo wa juu umepasuka mpaka chini ya pua. Damu ilishuka kwenye ndevu na kuingia kwenye kanzu yake nyeupe. Mama alipiga ukelele mmoja, akajiziba mdomo kwa mkono.

Bibi kutoka chumbani aligonga ukuta kwa bakora yake, akagonga mpaka picha ikaanguka. Mjomba akaondoka bila kuvaa viatu. Alirudi kuvichukua? Hakurudi. Vilikaa pale mlangoni mwetu, na mama hakumruhusu mtu kuviondoa.

Basi ikawa lazima karavani itoke ng'ambo.

Bibi alitaka mimi niende na baba. Mama alisema msichana atafuata nini huko, bibi akasema atafuata ubavu wangu. Akaniita karibu akaniambia nikifika nilale juu ya kitanda cha hiyo karavani, nilale hasa, nigeukie upande wake mbovu, halafu nitikisiketikisike. Nikirudi nimwambie kila kitu nilichokiona na nilichokishika. Nilikubali kwa kichwa. Yeye alijua kwamba mbele ya wageni sauti yangu hupotea, ndiyo maana hakuniambia niulize. Aliniambia nishike.

Tulitoka alfajiri, tukapita Nizwa jua likiwa tayari juu ya ngome, tukanunua maji ya chupa, tukaenda mpaka Ibri na Buraimi na kuvuka. Baba njia nzima alikuwa anaimba. Sikuwahi kumsikia akiimba.

Muuzaji alikuwa mzee mwenye ndevu za hina. Baba alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akamshika mkono asiuachie.

"Nyumbani wapi?" aliuliza.

"Ibra."

"Aa. Nyumbani hasa, nakuuliza."

"Tabora," baba alisema, na sauti yake ikawa ya mtu mdogo.

Hatukuonyeshwa karavani. Tuliingizwa ndani. Mimi nilikaa na wanawake upande wa pili wa pazia, lakini pazia lilikuwa jembamba na niliona. Waliletewa sinia. Palikuwa na ugali, na majani ya kunde yaliyokaushwa yamepikwa kwa karanga, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa mpaka vikakauka, na kibakuli cha asali nyeusi ambayo mzee alisema imeletwa na mtu kutoka Tabora kwenye dumu. Nyumbani kwetu anapika mama, na mama ni Mzanzibari, hapiki vitu hivyo. Baba aliviona mara ya mwisho akiwa na umri wangu. Alikula kwa kuinamisha kichwa, na mzee akawa anamtajia miti, stesheni, kisima fulani, mtu fulani aliyekuwa anauza mkate, na baba kila mara anasema ndiyo, ndiyo, huyo huyo. Mara moja alijifuta macho kwa mkono wenye ugali.

Baadaye tukatoka uani. Karavani ilikuwa nyeupe yenye mstari wa kijani, na mapazia kama alivyosema. Nilipanda nikalala nilivyotumwa. Kitanda kilikuwa kizuri. Niligeuka ubavu mbovu wa bibi, nikajitikisa, nikashika ubao wa pembeni ukawa imara. Nikashuka kwa mbele, na kwa kuwa ngazi ilikuwa fupi nikajishikilia kwenye ule mkono wa chuma unaotoka mbele ya karavani na kuja kukaa juu ya kichwa cha chuma nyuma ya gari. Ndio unaobeba kila kitu. Kiganja changu kikatoka na rangi ya fedha.

Nikatazama. Chuma chote cha chini kilikuwa na vumbi na kutu, kama cha gari lolote. Mahali pamoja tu palikuwa panang'aa, pana upana wa kiganja.

Sijui niliipata wapi sauti.

"Baba," nilisema, "hapa rangi bado mbichi. Chini yake kuna nini?"

Mzee hakukasirika. Alinitazama, akamtazama baba, akatabasamu.

"Mtoto hodari," alisema. "Inama ndugu yangu. Inama utazame."

Niwaeleze wasiojua. Kwetu, mtu akishakulisha, halafu akakwambia kagua mali yangu, hasemi ukague. Anakupa nafasi ya kusema hapana. Ukiinama umemwambia kwamba chakula chake umekila na bado unamwona mwizi. Watoto tunafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kufunga viatu.

Kofi lilinipata sikioni. Niligonga kichwa kwenye mlango wa karavani na nikakaa chini bila kutaka. Sikio lilikuwa linalia kama birika, na kwa mbali nikamsikia baba akisema, "Tumekula kwa mtu, unamkagua?" Kwenye ndevu zake palikuwa na tone la asali. Mzee akasema basi, basi, mtoto huyo, akamshika baba bega. Wakapeana mikono. Baba akasema bismillahi, wakaifunga karavani kwenye gari letu, na hakuna mtu aliyeinama.

Nilirudi Ibra na mkono uliokunjwa ngumi. Bibi aliufungua kidole kimoja kimoja. Akaiona rangi, akaliona na shavu.

"Alipewa michembe?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Na asali?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi amekwisha." Bado alikuwa ameshika kiganja changu. Nilidhani atasema hatuendi. Badala yake akasema nitoe nguo zake sandukuni, kwa sababu dada yake hangoji rangi ikauke. Nikaanza kulia, akanipiga mguuni kwa bakora, si kwa nguvu, na akaniambia nichague kanga zake nne nzee zilizo ngumu. "Utanifunga nazo," alisema.

Siku ya safari palikuwa na upepo. Tulimpandisha bibi, nikamlaza, nikazipitisha kanga juu ya kifua na mapaja na kuzifunga chini ya ubao wa kitanda, fundo juu ya fundo. Mimi nilikaa sakafuni karibu na kichwa chake. Baba alikuwa mbele peke yake kwenye gari. Mama alibaki, alisema tumbo linamuuma.

Mjomba alikuwa amesimama kwenye kona ya mtaa wetu na fimbo yake. Mdomo wake ulikuwa na uzi wa hospitali. Nilimwona kupitia dirishani. Hakumtazama baba, alikuwa anainama kutazama ule mkono wa mbele. Halafu akaingia katikati ya njia na kunyoosha mkono.

"Mama yumo ndani?" alipiga kelele, maana bibi naye alimwita mama. "Mama yumo mle ndani?"

Baba hakusimama. Aliongeza mwendo moja kwa moja kuelekea kwake. Mjomba aliruka pembeni akaanguka, na katika kuanguka akaipiga taa ya gari kwa fimbo, kioo kikamwagika njiani. Nilisikia baba akicheka. Bibi alifumba macho akaanza kusoma aya.

Mpaka Bidiya tulikwenda salama. Upepo ulikuwa unaleta mchanga kutoka kulia na kuupitisha juu ya lami kama moshi wa chini, na karavani ikawa inasukumwa, inarudi, inasukumwa. Vijiko vilikuwa vinalia kabatini. Bibi aliniuliza tumefika wapi, nikasema bado kidogo njia panda ya Wadi Bani Khalid. Akasema akiwa msichana dada yake alikuwa anamfinya mkono usiku ili aamke amsindikize chooni, na alama ziko mpaka leo, nitazame. Nikainuka kutazama mkono wake.

Ndipo chuma kikakatika. Kilitoa sauti moja, kavu, nikaisikia kwenye meno. Gari la baba lilikwenda mbele peke yake na sisi tukabaki, kisha pua ya karavani ikashuka ikachimba lami, cheche zikaonekana dirishani mchana kweupe. Kitu kikatunyanyua. Kabati lilifunguka na kumwaga kila kilichomo, sahani, birika, kopo la unga, na vyote vilinipita usoni. Niligonga paa. Niligonga jiko. Ukuta ukawa sakafu. Tulikuwa tunakokotwa ubavu ubavu juu ya kokoto, na ile ngozi nyeupe ya karavani ilikuwa inachanika kwa sauti ya kanga mpya ikipasuliwa dukani, ila haikwishi. Mti wa mgunga uliingia kwa dirishani na miiba yake yote, na hapo ndipo tuliposimama.

Mdomo wangu ulikuwa umejaa mchanga na damu, na jino la mbele halikuwepo. Bibi alikuwa ananing'inia juu yangu. Kitanda kilikuwa kimesimama wima ukutani na yeye yuko juu yake, amefungwa, nywele zimefunuka, paji la uso limepasuka na damu inadondoka juu ya magoti yangu. Kanga zilishika. Nasema hivi kwa sababu ndiyo kitu pekee siku ile kilichoshika.

"Gesi," bibi alisema.

Nikasikia mtungi unapuliza. Bakora yake ilikuwa chini ya miguu yangu. Niliichukua nikapiga dirisha lililokuwa limegeuka kuwa paa letu, nikapiga, nikapiga, kioo kikaniangukia mikononi na upepo ukaingia. Sijawahi kupiga kitu namna ile. Wakati mwingine huota kwamba bado napiga.

Baba alikuja mbio bila kilemba. Aling'oa mlango, akaufunga mtungi, akazikata kanga kwa kisu na kumtoa mama yake kwa mikono miwili kama mtoto. Alimlaza kivulini upande wa mti. Kisha alikwenda kwenye gari akachukua spana ya magurudumu, akarudi kwenye karavani na kuanza kuipiga. Aliupiga ule mkono uliokatika. Ndani ya chuma palikuwa pamekatika zamani, kutu imeshaingia, na juu yake pamepakwa rangi. Alipiga mpaka ngozi ya viganja ikatoka, kila pigo na neno, na maneno siyaandiki. Akatupa spana, akapiga kwa ngumi, akapiga kwa kichwa.

Bibi alimwacha. Mwanamke mmoja wa Kibedui aliyekuwa anaendesha pikapu yenye mbuzi alisimama, akashuka na maji, akamfunga bibi kitambaa kichwani. Baba alipokosa pumzi bibi alisema, "Ukishamaliza kuipiga, nenda kanitafutie cha kunifikisha Sur."

Baba alisema hospitali ya Ibra. Bibi akasema Sur pia kuna hospitali. Baba alisema hana chombo. Bibi alimtazama tu, na baba alijua kipo chombo gani, kiko wapi na ni cha nani.

Alikwenda. Mbedui alitukinga upepo kwa pikapu yake na akakaa nasi muda wote, mbuzi wake wakilia. Jua lilikuwa limeinama niliposikia magari. La mbele lilikuwa la mjomba, likivuta ile karavani ya kijivu yenye kioo cha ubao. Baba alikuwa nyuma yake. Mama alikuwa ndani ya gari la mjomba.

Mjomba alishuka. Alimwendea bibi kwanza, akapiga magoti, akambusu kichwani juu ya kile kitambaa, akamtazama machoni pia. Alinishika kidevu akafungua mdomo wangu akaona pengo. Halafu akainuka, akamwendea baba, na kumpiga ngumi moja ya uso. Ilitoa sauti kama mlango. Baba alianguka chali juu ya kokoto, akakaa hapo, akainuka akijipangusa. Mikono yake ilibaki chini.

"Hiyo ya mdila," mjomba alisema.

"Khalas, yamekwisha?" bibi aliuliza kutoka chini ya mti.

"Khalas, mama."

Nilidhani sasa watampakia bibi. Lakini mjomba alitoa tochi na nyundo garini, akampa baba.

"Hujala kwangu leo, shemeji. Ingia chini ukague."

Baba alisema hakuna haja, nakuamini. Mjomba akasema hakumuuliza kama anamwamini. "Gonga kila nilipochomelea. Pakilia vibaya, mama hapandi."

Basi baba, na kanzu yake iliyokuwa nyeupe asubuhi, alilala chali juu ya mawe na kujisukuma chini ya karavani ya shemeji yake, mbele ya mkewe, mama yake na yule mwanamke asiyemjua. Tulisikia nyundo. Ting. Ting. Mafuta yalimdondokea. Ilichukua muda, kwa sababu mwanzoni alikuwa anagonga kwa haya, kisha akawa anagonga kweli. Akatoa kichwa. Sikumsikia akisema nzima au mbovu. Alisema jina langu.

Niliingia. Palikuwa na giza na harufu ya lami. Baba alikuwa amelala kando yangu, jicho limeanza kuvimba, anahema. Aliniwashia tochi. Nilipopeleka kidole, mwanga ulifuata, nikashika kila chuma, nikatazama kiganja changu, nikashika tena. Palikuwa na kutu, palikuwa na mafuta. Rangi mbichi haikuwepo. Nilipotikisa kichwa kwamba ndiyo, alizima tochi.

Tulifika Sur magharibi. Njia ya kwa dada yake bibi ilikuwa nyembamba, karavani haikupita, na bibi hakuweza kubebwa tena. Basi yule dada ndiye aliyebebwa. Vijana wa jirani walimleta juu ya godoro lake mpaka nje, wakampandisha, wakamlaza kitanda kimoja na bibi. Alikuwa mdogo, kifupa tu, macho meupe. Alipeleka mkono usoni mwa bibi, akapapasa kitambaa na damu iliyokauka.

"Nani kakupiga?"

"Karavani," bibi alisema.

"Na wewe ukaiachia?"

Kisha akamtafuta mkono, akaushika pale juu ya kiwiko, na kumfinya kwa kucha mpaka bibi akapiga kelele. "Umechelewa," alisema. Wote wawili wakaanza kucheka na kulia, na mama akatutoa sote nje akafunga mlango.

Mjomba aliiacha karavani pale pale. Bibi alikaa Sur baridi yote. Dada yake alifariki kabla ya joto kuingia, usiku, amelala ubavu na mkono wa bibi umo ndani ya mkono wake. Bibi alituambia alijua kwa sababu ule mkono uliacha kumfinya.

Kuhusu muuzaji, baba na mjomba walikwenda kwake pamoja. Baba hajawahi kueleza. Mjomba ndiye aliyesema. Alikuwa amejitayarisha kumvunja mtu mbavu, alisema, lakini yule mzee aliwapokea mlangoni kwa shikamoo na marahaba, na sinia lilikuwa tayari limetengwa, ugali, michembe, asali. Akasema kuleni kwanza. Baba alisimama. Alieleza yaliyotokea, na mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akasikitika, akajibu kwa upole.

"Nilikwambia inama. Mtoto wako aliona. Aliyempiga ni wewe."

Mjomba alisema alingoja ngumi ya baba na yeye atie yake. Baba hakumgusa mzee. Aliinama akalinyanyua lile sinia lote na chakula chake, akalipindua kizingitini pa yule mtu, akapita juu yake kwa viatu. Mjomba amepigana maisha yake yote, na alituambia hilo lilimtisha. Njiani baba alimwomba asimamishe gari, akatapika.

Ile karavani nyeupe yule mwanamke wa Kibedui aliichukua akaifanya banda la mbuzi. Ukipita njia ya Sur utaiona, mstari wa kijani bado upo. Ya kijivu tunayo. Na baba, akitaka kununua kitu, hata friji, hata ndama, humaliza kuongea na muuzaji, huikataa kahawa yake, kisha huniita. Husimama kando na mikono nyuma. Mimi bado naona haya, watu hutazama pengo langu. Lakini naingia chini.

Kwa hiyo wanaoniuliza hapa au ng'ambo, jibu sina. Najua tu kwamba nataka kununua kwa mtu ambaye naweza kuinama mbele yake, na mtu huyo pengine ni ndugu na pengine ni mgeni kabisa. Lakini kuna jambo bado linanisumbua, na nalileta kwenu mliolelewa kama mimi. Kwenu, mtu akishawalisha, mnafanyaje? Yupo aliyepata njia ya kukagua bila kumvunjia mtu heshima, au ni lazima kimoja kivunjike? Mwenye jibu aniandikie. Aandike kwa Kiswahili na herufi kubwa, bibi atataka nimsomee, na mimi husoma kama ninavyoandika. Hata likichelewa, nitalisubiri.